Mzega wa maji: siku sita kutoka Sultanganj hadi Deoghar katika mwezi wa Shravan

Shravan ni mwezi wa mungu Shiva katika kalenda ya Kihindu, na mashariki mwa India, katika majimbo ya Bihar na Jharkhand, mwezi huu una njia yake. Njia inaanzia ukingoni mwa mto Ganga mjini Sultanganj, inapita wilaya za Bhagalpur, Munger na Banka, inaingia Jharkhand pale Dumma na kuishia kwenye hekalu la Baidyanath mjini Deoghar. Ni takribani kilomita 105, miguu mitupu, begani mzega wenye vyombo viwili vya maji ya Ganga. Maji hayo hayatakiwi kugusa ardhi mpaka yamwagwe juu ya linga, jiwe la Shiva. Mwendo, mlo, usingizi na hata kwenda haja, vyote vinafuata sharti hilo moja.

Kabla ya safari: tarehe

Makosa mengi ya njiani yana dawa. Kosa la tarehe halina, na hufanyika nyumbani, hasa kwa Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, ambao wengi wao asili yao ni Gujarat. Gujarat na Maharashtra huhesabu mwezi kuanzia kiza, yaani usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, hadi kiza kinachofuata. Bihar, Jharkhand na sehemu kubwa ya India ya kaskazini huhesabu kuanzia mwezi mpevu hadi mwezi mpevu. Kwa sababu hiyo Shravan wa Deoghar hutangulia ule wa Gujarat kwa siku kama 15. Kwa mwaka 2026, Shravan wa kaskazini ni 30 Julai hadi 28 Agosti, na wa Gujarat ni 13 Agosti hadi 11 Septemba. Anayepanga safari kwa kalenda iliyotundikwa sebuleni kwake Kariakoo, akilenga mwisho wa mwezi, atafika Deoghar msimu umekwisha wiki mbili zilizopita.

Tarehe nazo husogea. Mwaka 2024 Shravan wa kaskazini ulianza 22 Julai, mwaka 2025 ukarudi nyuma hadi 11 Julai. Hizo ni siku 11 zilezile zinazopungua kila mwaka katika Ramadhani, kwa kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 hivi. Tofauti ni kwamba kalenda ya Kihindu hujirekebisha: kila baada ya miezi 32 au 33 huingizwa mwezi wa ziada, uitwao adhik maas. Kwa 2026 mwezi huo umeangukia 17 Mei hadi 15 Juni, ndiyo maana Shravan umeruka mbele hadi 30 Julai. Bila marekebisho hayo, mwezi huu ungezunguka mwaka mzima. Kwa kuwa yapo, daima huangukia majira ya mvua, na msafiri ajiandae kwa mvua kweli. Mwaka 2023 mwezi wa ziada ulikuwa Shravan wenyewe, na msimu ukaenda siku 59, kuanzia 4 Julai hadi 31 Agosti.

Halafu ipo siku ya wiki. Jumatatu ni siku ya Shiva, na kila mtu anataka kumwaga maji Jumatatu. Kwa 2026 Jumatatu za mwezi ni tarehe 3, 10, 17 na 24 Agosti, na ya tarehe 17 imegongana na Nag Panchami, sikukuu ya nyoka, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kukwepwa kuliko zote. Maji yaliyomwagwa Ijumaa au Jumamosi ni ya Ganga vilevile. Mpango ulio hapa chini unaanza Jumatatu mtoni na kumaliza Jumamosi hekaluni, makusudi, ili msafiri aende kinyume na mkondo wa watu wanaoteka maji Ijumaa ili wafike Jumatatu.

Jambo la mwisho kwa anayetoka Afrika Mashariki: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia India. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na siku 6 ndizo safari yote hii.

Jumatatu: Sultanganj

Sultanganj ina stesheni yake kwenye reli ya kati ya Kiul na Bhagalpur, na kutoka hapo mtoni unakwenda kwa miguu. Ganga kwa kawaida huelekea mashariki, ila hapa hupinda na kutiririka kuelekea kaskazini, na maji ya pindo hilo huhesabiwa kuwa na baraka zaidi. Katikati ya maji kumesimama mwamba wenye hekalu la Ajgaibinath. Inasimuliwa kwamba hapa ndipo mtawa Jahnu alipoumeza mto mzima kwa hasira kwa kuwa ulimvuruga ibadani, kisha akautoa tena, na tangu hapo Ganga huitwa pia Jahnavi, binti Jahnu. Mji huu huu, mafundi wa reli walipokuwa wakichimba miaka ya mwanzo ya 1860, ilitoka ardhini sanamu ya shaba ya Buddha yenye urefu wa zaidi ya mita 2. Leo iko kwenye makumbusho ya Birmingham, Uingereza.

Jumatatu hii ni ya kufunga na kupumzika. Saumu ya Jumatatu ya Shravan ina ngazi zake: wapo wasiotia kitu mdomoni hadi jioni, wapo wanaokula matunda, sago, viazi na karanga, na chumvi inayoruhusiwa ni ya mawe tu. Kufunga ukiwa umekaa kivulini ni ibada. Kufunga huku ukitembea kilomita 25 kwenye joto la Agosti ndiko kunakowaangusha watu, na mahema ya huduma ya kwanza hujaa wageni waliounganisha saumu na siku ya kwanza ya mwendo. Nje ya saumu, kwa mwezi mzima hakuna nyama, samaki, mayai, pombe, kitunguu wala kitunguu saumu. Wengi huacha pia mboga za majani, na hapo mila na akili vinakubaliana: mvua hii hujaza majani wadudu.

Jioni nunua vifaa. Mzega ni ufito wa mwanzi, urefu wa mita moja na nusu hivi, umevishwa kitambaa cha rangi ya zafarani na kengele ndogo. Achana na ule wenye mapambo mengi, kwani manyoya na maua ya plastiki hunyonya mvua na kuwa mzigo. Jaribu ufito begani: unatakiwa kunepa kidogo ukipiga hatua. Usionepa, kila kishindo cha mguu kinaingia moja kwa moja kwenye mtulinga. Vyombo viwe viwili vya ukubwa sawa, vya lita 1 kila kimoja, vyenye vifuniko vya kukaza. Wauzaji watakusukumia vya lita 2, na ukikubali utabeba kilo 4 za maji badala ya 2. Ongeza karatasi ya plastiki ya kulalia, kitambaa cha pamba kisichokaushwa kwa shida, tochi, mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu na pesa, pakiti za chumvi na sukari za kuzuia upungufu wa maji mwilini, na plasta. Sabuni, mafuta ya nywele, kitana na viatu vinabaki kwenye mzigo unaotangulizwa Deoghar kwa gari, maana tangu kuteka maji hadi kuyamwaga havitumiki.

Jumanne: kuteka maji, hadi karibu na Rampur

Saa kumi alfajiri ukingo umeshajaa. Mto Agosti umefura, una rangi ya chai ya maziwa na una nguvu. Kuna vizuizi vya mianzi majini, usivivuke hata kama wenzako wanavivuka. Oga bila sabuni, jaza vyombo huku bado umesimama mtoni, kisha nenda kwa kuhani. Yeye ndiye husomesha sankalp, yaani tamko la nadhiri: jina lako, ukoo, unakotoka, maji unayapeleka wapi na kwa nia gani. Asiyeujua ukoo wake wa kidini huandikwa Kashyap. Mkubaliane malipo kabla hajaanza kusoma. Chombo kimoja ni cha Baidyanath, kingine ni cha Basukinath, hekalu la pili utakalolifikia kwa basi siku ya mwisho, na mkichanganya vyombo mbele ya safari hakuna wa kuwaambia kipi ni kipi, kwa hiyo funga kimoja uzi mwekundu mapema.

Sasa sharti limeanza. Mzega haushuki chini. Kila penye mapumziko kuna vichanja vya mianzi vilivyojengwa kando ya njia, na hapo ndipo unapotundikwa. Kubadili bega kuna namna: ufito hupitishwa mgongoni, nyuma ya shingo, haupiti juu ya kichwa. Ukila, ukilala au ukienda haja, unaunawa au kuoga upya kabla ya kuushika. Na kabla ya kuunyanyua baada ya kupumzika, mtu hujishika masikio yake mawili na kuchuchumaa na kuinuka mara tano, kuomba radhi kwa kilichokosewa. Ukiona mzee wa miaka sabini akifanya hivyo mbele ya ufito wa mwanzi saa nane za usiku, utaelewa kwamba hapa hakuna mzaha. Mbwa akiugusa, au ukianguka maji yakamwagika, kwa kanuni kali unarudi Sultanganj kuteka upya. Mizega mingi huanguka kwa sababu ndogo: umetundikwa ukingoni mwa uchanja uliojaa, jirani akauvuta wake. Tundika katikati, funga kamba.

Njiani hakuna majina. Kila mwanamume ni Bam, kila mwanamke ni Mata Bam, hakimu na mpagazi sawasawa. Ukitaka kupita sema "Bol Bam", ukisalimiwa jibu "Bol Bam".

Njia ya watembeaji imetengwa na barabara ya magari na imemwagiwa mchanga laini, ambao hunyunyiziwa maji ili usiunguze. Hadi Asarganj ni kama kilomita 13, na miguu bado mizima, kwa hiyo watu hukimbia. Usikimbie. Lengelenge la Jumatano linaanza Jumanne saa mbili asubuhi. Pumzika kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri, mchanga unapowaka, kisha endelea, pita Tarapur, na ulale maeneo ya Rampur, takribani kilomita 28. Chakula bora cha njia hii ni kile Wahindi wanachokiita chura, yaani mchele uliopondwa bapa, pamoja na mtindi na sukari guru. Haupikwi, hauharibiki upesi, na hauchelewi tumboni. Kimbia vitafunio vya kukaanga vinavyouzwa kando ya njia, kwani mafuta yake yamechemka tangu jana na kuharisha ukiwa na mzega ni mateso mara mbili: kila safari ya chooni inadai kuoga upya.

Jumatano: hadi Jilebia Mor

Siku ya pili ndiyo ya miguu. Ngozi imelowa kwa mvua na mchanga umeisugua. Kambi za kujitolea hutoa beseni za maji ya moto yenye chumvi, bure, na dakika 15 humo zina kazi kuliko dawa yoyote ya dukani. Lengelenge dogo liache. Kubwa linalouma kila hatua litobolewe pembeni kwa sindano iliyopitishwa motoni, maji yatoke, ngozi ibaki juu, kisha plasta. Anayeichuna ngozi yote huishia kwenye hema la daktari kabla ya Katoria. Kuna pia wanaojifunga vitambaa nyayoni, na makuhani hawakatazi kwa mwenye jeraha.

Begani nako uangalie. Upande mmoja ukiteremka hata kidogo, ufito huteleza na kuchubua. Pima kwa kuuweka kwenye kidole: ukikaa sawa, sawa. Usipokaa, sogeza kamba ya chombo kizito kuelekea bega kwa upana wa vidole viwili.

Kumarsar ni kituo cha mchana, na vijiji vinavyofuata havina kitu cha kukuchelewesha. Jilebia Mor, karibu nusu ya njia, ina kambi nyingi, na ndipo pa kulala.

Usiku huo utaamshwa na makelele. Ni dak bam wanaopita. Hawa wametoka Sultanganj siku hiyohiyo na wamejifunga kufika Deoghar ndani ya saa 24 bila kusimama: hawaketi, hawalali, hawaendi haja, wanakunywa huku wakitembea. Wapishe mara moja, kwa sababu kukatisha mwendo wao ni kuvunja nadhiri yao. Mtu asiye na miezi ya mazoezi asijaribu, na usiku wa Agosti misuli hukakamaa kwa chumvi kupotea kabla hata miguu haijachoka. Kinyume chao ni dandi bam, ambao hulala kifudifudi, huweka alama mikono inapoishia, husimama kwenye alama na kulala tena, hadi Deoghar. Hao safari yao ni ya wiki kadhaa.

Alhamisi: Suiya na Katoria

Anza saa tisa usiku, mapema kuliko siku nyingine, ili kilima cha Suiya ukivuke kabla ya jua. Hapa mchanga haushiki, na changarawe zenye ncha huchoma nyayo zilizokwisha kulainika. Hatua iwe fupi, mguu ushuke wote kwa pamoja, siyo kisigino kwanza. Tochi imulike futi tatu mbele, kwa sababu ya mawe na pia kwa sababu ya nyoka, ambao mvua huwafukuza mashimoni. Hapa hawauawi, kwani nyoka yuko shingoni mwa Shiva mwenyewe.

Baada ya Suiya ni msitu na miinuko midogo hadi Katoria, mji wenye maduka ya dawa na mahali pa mwisho pa maana pa kununua kitu. Mvua ya radi ikija, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, ingia hema lolote. Hakuna anayefukuzwa, mradi mzega umetundikwa vizuri.

Ijumaa: Inaravaran, Dumma, foleni

Hii ni siku ya mwisho ya mwendo. Njia inapita Inaravaran na Goriyari, kisha lango la Dumma, na hapo ndipo Jharkhand. Wengi huona lango wakadhani wamefika, wakala sana na kulala. Bado kuna kazi.

Darshaniya ndipo kilele cha hekalu kinapoonekana kwa mara ya kwanza. Mjini, kabla ya foleni, unaoga kwenye birika kubwa la Shivganga, na kuhani wa Deoghar anasoma nadhiri mara ya pili. Makuhani hawa wamegawana wateja kwa maeneo na hutunza madaftari ya koo. Mtu wa Gujarat akitaja kijiji cha babu yake huelekezwa kwa familia ya makuhani inayohusika.

Foleni ya Ijumaa hupimwa kwa saa. Ya Jumatatu hupimwa kwa kilomita, na ina historia mbaya: alfajiri ya Jumatatu, 10 Agosti 2015, msukumano ulitokea kwenye foleni hii na watu wasiopungua 10 wakafa. Ndani ya foleni mzega ushikwe wima mbele ya kifua, usiulaze begani, maana ncha yake humchoma wa nyuma. Ukisukumwa, sogea na msukumo kwa mshazari hadi kwenye kizuizi cha pembeni. Usiiname kuokota kitu, hata simu. Kuponi za kulipia za kupita haraka zipo, ila katika siku za msongamano husitishwa, basi usizitegemee.

Jumamosi: Baidyanath, kisha Basukinath

Hekalu hufunguliwa alfajiri kwa ibada ya makuhani, kisha umma. Ni jengo la mawe la urefu wa futi 72, ndani ya ua wenye mahekalu 22, na vileleni mwake hakuna mkuki wa ncha tatu uliozoeleka kwa Shiva bali wa ncha tano. Hapa ni mojawapo ya linga 12 za nuru. Maharashtra nao wanadai hadhi hiyohiyo kwa hekalu lao la Parli, ugomvi ambao hautaisha leo. Kwa masimulizi ya Deoghar, Ravana, mfalme wa Lanka, aliibeba linga hii kutoka Kailasa, mlima wa Shiva, akielekea kwake kwa sharti la kutoitua. Alibanwa na haja ndogo, akamwachia mchunga ng'ombe, naye akaiweka chini, ikaota mizizi. Ndiyo asili ya sharti la mzega.

Katika Shravan hairuhusiwi kuigusa linga. Maji unayamwaga kwenye argha, chombo chenye mfereji uliowekwa mlangoni mwa chumba cha ndani, nayo hushuka hadi kwenye linga. Una sekunde chache. Fungua kifuniko ukiwa bado watu kumi nyuma ya mlango, majani ya bel yawe mkononi, matatu matatu kwenye kikonyo, yasiyotoboka. Wengi hufika mbele wakihangaika na kifuniko kilichokazwa tangu Jumanne, askari akawasukuma, na maji ya kilomita 105 yakamwagika sakafuni. Aliyechoka au mgonjwa atumie argha ya nje uani: mfereji wake unaishia palepale.

Tokea upande wa hekalu la Parvati, mke wa Shiva, lililounganishwa na la Shiva kwa vitambaa vyekundu kutoka kilele hadi kilele. Ukibaki hadi jioni utaona taji la maua lenye umbo la nyoka likiingizwa kwa ajili ya mapambo ya usiku. Hulifuma wafungwa wa jela ya Deoghar.

Chombo cha pili ni cha Basukinath, wilaya ya Dumka, kilomita 45 hivi kwa basi. Watu wa hapa husema ombi la Deoghar husikilizwa Basukinath. Sharti bado lipo ndani ya basi, kwa hiyo chombo kishikwe mkononi au kitundikwe, kisiwekwe sakafuni. Foleni kule ni fupi, na saa mbili zinatosha.

Njiani basi husimama Ghormara, kijiji cha wapika peda, tamu ya maziwa yaliyokaushwa. Chagua za kahawia, zilizokaushwa zaidi, kwani nyeupe huchacha upesi kwenye joto hili. Hata hizo za kahawia hazifiki Mombasa salama. Za kupeleka mbali ni chura kavu na vidonge vya sukari vyenye iliki, vinavyouzwa barabara nzima ya kwenda stesheni ya Jasidih.